Wahamiaji wa Kiitaliano wa Santa Fe, Argentina, walifikaje kwenye ng'ombe wa mbegu?

Mfugaji wa Njombe

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mimi ni mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa katika mkoa wa Njombe. Nina ng'ombe sita, na wanne kati yao wanakamuliwa kwa sasa. Wanaofahamu eneo letu wanajua kwamba kiwanda cha maziwa cha Njombe kilipata msaada mkubwa wa shirika la CEFA la Bologna, Italia, na ndiyo maana tumezoea kukutana na Waitaliano wanaozungumzia maziwa, jibini na ndama kama wanaozungumzia jamaa zao. Mmoja wao aliwahi kunisimulia kwamba kaka wa babu yake aliondoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, akiwa na sanduku moja la mbao, akaenda Argentina, na kwamba leo wajukuu wa mzee yule wana shamba la kuzalisha ng'ombe wa mbegu katika jimbo la Santa Fe, ambako wafugaji wengine huja kununua mitamba na madume.

Habari hiyo haijanitoka akilini. Mwanzo wake nimeuelewa, yaani sanduku la mbao, na mwisho wake nimeuelewa pia, lakini njia iliyopita katikati siioni. Nina sababu ya kuuliza. Mwaka juzi nilinunua mtamba kwa bei ya juu kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba ni chotara wa daraja la juu kabisa. Hakuwa na karatasi hata moja, na mtamba huyo alipozaa alitoa lita tano kwa siku. Sitaki kununua maneno tena. Nataka kujua familia isiyo na kitu iliwezaje kufika mahali ambapo watu wengine wanaiamini damu ya ng'ombe wake. Je, walipewa ardhi bure? Walisafiri na ng'ombe wao? Na iliwachukua miaka mingapi?

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Ndugu Mfugaji, marahaba. Swali lako lina upande wa ardhi na upande wa ng'ombe. Nitajibu ule wa ardhi, kwa kuwa ndio niliousoma kwa muda mrefu, nikiamini kwamba mtaalamu wa mifugo atajitokeza kwa ule mwingine.

Ardhi haikuwa ya bure. Koloni la kwanza kubwa la wakulima wahamiaji katika jimbo la Santa Fe ni Esperanza, lililoanza mwaka 1856 kwa mkataba kati ya Aarón Castellanos na serikali ya jimbo, na familia zake za mwanzo zilikuwa hasa za Waswisi, Wajerumani na Wafaransa. Kila familia ilipimiwa takriban hekta 33, ikapewa kibanda, unga, mbegu na wanyama 12, yaani farasi wawili, maksai wawili, ng'ombe majike saba na dume mmoja, lakini ilitakiwa kutoa theluthi ya mavuno yake kwa miaka mitano. Waitaliano, na hasa watu wa Piemonte, walifurika baadaye, na kufikia wakati huo utaratibu ulikuwa umebadilika: wafanyabiashara na makampuni walipata maeneo makubwa, wakayakata vipande na kuwauzia wahamiaji kwa malipo ya miaka kadhaa. Rafaela, ulioanzishwa mwaka 1881 na Guillermo Lehmann, ni mmoja wa miji iliyozaliwa hivyo. Wakazi wake wengi wa mwanzo walitoka Piemonte, na hadi leo mji huo una udugu na Fossano, ulio katika mkoa wa Cuneo. Mji mdogo wa jirani unaitwa Bella Italia, jina ambalo halihitaji maelezo.

Wapo pia ambao hawakuhamia moja kwa moja. Kwa kuwa majira ya kusini mwa dunia ni kinyume na yale ya kaskazini, mtu aliweza kuvuna kwao, akavuka Atlantiki, akavuna ngano ya Argentina, kisha akarudi nyumbani kwa msimu uliofuata. Waargentina waliwaita wafanyakazi hao golondrinas, yaani mbayuwayu. Wengine, baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo, waliamua kubaki na kuwaita wake na watoto. Sensa ya mwaka 1914 ilihesabu karibu watu 930,000 waliozaliwa Italia, katika nchi ambayo wakazi wake wote hawakutimia milioni nane.

Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba familia hizi hazikuanza na ufugaji. Zilianza na ngano na kitani, na sehemu kubwa yao walikuwa wapangaji tu. Mwaka 1912, huko Alcorta, kusini mwa jimbo hilo hilo, wapangaji waligoma kulima kwa sababu ya kodi kubwa na mikataba mifupi iliyompa mwenye ardhi uwezo wa kumfukuza mtu anapotaka. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa wakili Francisco Netri, mzaliwa wa Italia, na kutokana na mgomo huo kikaundwa Federación Agraria Argentina, chama cha wakulima ambacho kipo hadi sasa. Netri mwenyewe aliuawa kwa risasi mjini Rosario mwaka 1916. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linagusa swali lako moja kwa moja: mwenye mkataba wa miaka mitatu anaweza kulima ngano, lakini hawezi kuzalisha ng'ombe wa mbegu, kwa kuwa tangu siku unapompandisha jike wako hadi siku unapomkamua binti yake, hiyo miaka mitatu imekwisha.

Daktari wa Mifugo, Arusha

Namshukuru Mwalimu, kwa kuwa amenisafishia njia. Niliwahi kukaa Rafaela kwa miezi minne nikijifunza uzazi wa ng'ombe wa maziwa. Taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, INTA, ina kituo chake hapo. Mwisho wa wiki nilikuwa nikikaribishwa katika shamba la familia moja yenye asili ya Piemonte. Sitaitaja jina, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya kuiandika. Mama mzazi wa mwenye shamba, bibi wa miaka themanini na ushee, ndiye aliyenisimulia mengi, akichanganya Kihispania na lugha ya Kipiemonte aliyoipata kwa mama mkwe wake.

Hapana, Ndugu Mfugaji, hawakusafiri na ng'ombe wao. Wahamiaji walivuka bahari katika daraja la tatu, wakiwa na masanduku na mablanketi. Ng'ombe weupe wa Piemonte, ambao leo wanajulikana duniani kwa misuli yao minene, uzao ambao chanzo chake huelezwa kuwa dume aliyeonekana Guarene d'Alba mwaka 1886, walibaki milimani na mabondeni kwao. Ng'ombe waliowakuta Santa Fe ni wale wa asili ya Kihispania walioletwa na wakoloni karne nyingi kabla, pamoja na machotara wao wa Shorthorn ya Uingereza. Walikuwa imara, lakini wengi wao hawakuachia maziwa bila ndama kuwa karibu. Kwa hiyo kila alfajiri ndama aliachiwa anyonye kidogo ili mama ashushe maziwa, kisha akafungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, na miguu ya nyuma ya ng'ombe ikafungwa kamba, ndipo mkamuaji akakaa. Katika banda la familia ile bado kimetundikwa kigoda cha mguu mmoja chenye mkanda wa ngozi: mkamuaji alikifunga kiunoni, akisimama kinasimama naye, na mikono yake inabaki huru kubeba ndoo mbili. Bibi alikifunga anionyeshe, akakaa, akaegemeza paji la uso hewani mahali ambapo ubavu wa ng'ombe ungekuwa. Alikuwa amekamua hivyo tangu akiwa na miaka saba.

Sasa nije kwenye jambo unalolitafuta. Maziwa yenyewe yasingefika mjini bila kuchachuka, kwa hiyo familia zilitenganisha krimu shambani kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Krimu ilipelekwa kwa gari la farasi hadi kwa mnunuzi, na maziwa yaliyobaki walipewa nguruwe. Mnunuzi alilipa kwa kilo ya mafuta ya maziwa, na yeye ndiye aliyepima, naye ndiye aliyepanga bei. Hapo ndipo wakulima walipoanza kuungana katika vyama vya ushirika. Mwaka 1938 vyama 16 vya majimbo ya Santa Fe na Córdoba viliunda muungano mmoja wenye makao yake Sunchales, karibu na Rafaela, wakauita SanCor kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majimbo hayo mawili. Mtu anapolipwa kwa mafuta ya maziwa na kupewa karatasi ya vipimo anavyoviamini, anarudi nyumbani na kujiuliza mafuta haya yametoka kwa ng'ombe yupi. Baba mkwe wa bibi alijiuliza hivyo, akanunua mizani ya saa, akaitundika kwenye boriti ya banda.

Daftari lake nililishika kwa mikono yangu. Lina jalada gumu lililochakaa pembeni, na kila ukurasa ni wa ng'ombe mmoja: jina lake, jina la mama yake, dume aliyemzaa, siku aliyozaliwa, siku alizopandwa, siku alizozaa, na uzito wa maziwa ya asubuhi na ya jioni yaliyopimwa siku moja katika kila mwezi. Pembeni mzee aliandika mambo ambayo fomu za kisasa hazina nafasi yake, kwa mfano kwamba huyu ana chuchu fupi, au huyu kiwele chake kimelegea baada ya uzao wa tatu, au huyu hukataa kukamuliwa na mgeni. Dume wa kwanza wa Kiholanzi, yule mweusi na mweupe tunayemwita Friziani, hawakumnunua peke yao. Walichangia familia tatu. Binti zake walikuwa na nusu ya damu ya Friziani, na kwa kuwa kila kizazi kilipandwa tena na dume halisi wa Friziani, wajukuu walikuwa na robo tatu, vitukuu asilimia 87.5, na kizazi cha nne kinakaribia asilimia 94. Ukihesabu miaka mitatu kwa kizazi, hiyo ni miaka 12 ya chini kabisa, ikiwa hakukuwa na ukame wala nzige, nao nzige walikuwa wakishuka mara kwa mara katika tambarare zile na kuacha malisho yakiwa mashina matupu. Chama cha wazalishaji wa aina hiyo, Holando Argentino, kiliundwa mwaka 1944. Familia ninayoizungumzia ilisajili ng'ombe wake wa kwanza baadaye sana, mwana alipokuwa amekwisha kumrithi baba.

Niongeze habari ya malisho, kwa sababu damu bila majani ni hasara. Utajiri wao ulikuwa alfalfa, mmea wa jamii ya kunde wenye mizizi inayozama chini sana, unaostahimili kiangazi na kurutubisha udongo. Lakini alfalfa changa inaua. Ng'ombe akiila akiwa na njaa, ikiwa bado laini na yenye umande, tumbo hujaa povu na gesi upande wa kushoto, naye anaweza kufa kabla daktari hajafika. Bibi alisema walipoteza ng'ombe watano asubuhi moja, na mmoja wao alikuwa na ukurasa mzuri kuliko wote daftarini. Tangu hapo hakuna mnyama aliyeingia kwenye alfalfa kabla ya kulishwa nyasi kavu na kabla umande haujakauka.

Kanuni yao moja ilinishangaza, na naiona kuwa ndiyo jibu la swali lako kuliko dume yeyote. Mtamba bora wa kila mwaka hakuuzwa, hata katika mwaka wa madeni. Waliuza wa pili, wa tatu na madume. Mnunuzi alionyeshwa ukurasa wa mama, na kama alitaka, alikaribishwa kulala na kushuhudia ukamuaji wa alfajiri akasome mizani mwenyewe. Ndivyo watu walivyoanza kuiamini damu yao.

Mama Mfugaji, Nyandarua

Nimesoma kwa makini na nimefurahi, hasa kwa habari za daftari, kwa kuwa mimi pia hupima maziwa ya kila ng'ombe wangu. Hata hivyo kuna mambo ambayo hayapaswi kupitwa.

Ardhi ile haikuwa tupu kabla ya wahamiaji kufika. Ilikuwa ya watu, na kaskazini mwa Santa Fe hao walikuwa hasa Wamokovi, ambao jeshi liliwasukuma nyuma kadiri makoloni yalivyosonga mbele. Wazao wao wapo hadi leo katika jimbo hilo, na wengi wao hawana ardhi. Sisi wa nyanda za juu za Kenya tunajua ladha ya jambo hilo, na sioni namna ya kuisifu familia ya mhamiaji bila kulitaja. Mhamiaji maskini hakupanga sera ile, lakini aliipata hekta yake kwa sababu ya sera hiyo.

La pili ni urithi. Sheria ya Argentina inawapa watoto wote haki ya kurithi, wa kike na wa kiume, na ni sheria njema, lakini hekta 100 kwa watoto sita si shamba tena, na kundi la ng'ombe likigawanywa hivyo kazi ya miaka 30 inatawanyika kwa mchana mmoja. Ningependa Daktari atueleze familia ile ilipitaje hapo. Vilevile ushirika haudumu kwa kuwa tu ulianza vizuri: SanCor yenyewe miaka ya karibuni imelemewa na madeni na kuuza baadhi ya viwanda vyake, na wafugaji waliokuwa wakiipelekea maziwa wameumia.

Na kwako Ndugu yangu wa Njombe, usikimbilie asilimia 94. Amerika hakuna ndigana kali. Huku kwetu ng'ombe mwenye damu nyingi ya kigeni akiumwa na kupe mmoja mwenye ugonjwa huo, bila josho na bila chanjo, utamfukia pamoja na karatasi zake zote.

Daktari wa Mifugo, Arusha

Mama, maneno yako ni ya haki, na la ardhi nakubali kwamba ningelianza nalo. Bibi mwenyewe hakulizungumzia hata mara moja katika miezi minne, nami sikumuuliza.

Kuhusu urithi, walikuwa ndugu watano. Wawili walikwenda kaskazini zaidi, ambako ardhi ilikuwa rahisi, na walipewa sehemu yao kwa mitamba badala ya hekta. Dada mmoja alilipwa fedha kidogo kidogo kwa miaka tisa. Waliobaki wawili hawakugawana kundi, bali waligawana kazi: mmoja malisho, mwingine daftari. Madume walibadilishana na wale wa kaskazini, na hivyo wakajikinga na tatizo la dume kupanda binti zake. Ugomvi ulikuwapo. Ndugu hao wawili walikula meza moja kwa mwaka mzima bila kusemezana, na bibi ndiye aliyekuwa akipeleka ujumbe kutoka upande huu wa meza hadi upande ule.

Kuhusu damu nakuunga mkono kabisa. Hata huku Tanzania chotara wa Mpwapwa alitengenezwa kwa kuchanganya damu za Asia, Afrika na kiasi kidogo cha Ulaya, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mfugaji mdogo mwenye josho la kuaminika na majani ya kutosha, ningesema abaki kati ya nusu na robo tatu, kisha achague kwa maziwa, kwa uzazi na kwa uhai wa ndama.

Mfugaji wa Njombe

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mama, nimelipokea onyo lako. Daktari, naomba unisaidie jambo moja: mimi sina dume, na jirani zangu wote tunatumia dume mmoja wa kijiji ambaye amekaa muda mrefu sasa. Je, nianzie wapi na hawa sita?

Daktari wa Mifugo, Arusha

Dume huyo ameanza kukutana na binti zake, kwa hiyo achana naye. Tumia uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija wa mbegu bila dume mwenyewe; kituo cha taifa cha Usa River hapa Arusha huzalisha mbegu za madume wanaojulikana, na mtaalamu wa wilaya yako anaweza kuzipata. Mrija wa mbegu una jina au namba ya dume. Usikubali utupwe kabla hujainakili namba hiyo.

Nunua mizani ya kutundika na daftari lenye kurasa nyingi. Mpe kila ng'ombe ukurasa wake, upime siku moja kila mwezi, asubuhi na jioni, na usiruke hata mwezi ambao maziwa yamepungua, maana huo ndio unaosema ukweli. Yule mtamba wa lita tano naye mwandike, pamoja na bei uliyomnunulia. Je, ndama wake alikuwa jike au dume?

Mfugaji wa Njombe

Ni jike, Daktari, ana miezi saba na anakua vizuri. Leo nimemfungulia ukurasa. Jina lake nimeliandika, jina la mama yake nimeliandika, na tarehe ya kuzaliwa nimeipata kwa mke wangu. Pale kwenye dume nimepaacha wazi, kwa sababu aliyeniuzia mama yake akiwa na mimba hakuniambia, na simu yake haipatikani tena.